Mapezi Matatu ya Mama Yako

Mwanangu Corinne,

Huku Colorado theluji imeyeyuka, na mbwa wako anazidi kunenepa. Mama yako alikuwa hajasema neno tangu apate kiharusi. Lakini majuzi alinikuta nikibandika mapezi ya roketi yangu ndogo, akaninyang'anya gundi. Akayabandika yote matatu kwa mkono mmoja, yakainama kidogo upande. Nilidhani amekosea, nikayaacha hivyo hivyo nisimvunje moyo.

Jumamosi tuliirusha. Ilipaa ikizunguka kama pia, imenyooka, haikuyumba hata kidogo, mpaka ikamezwa na anga. Kumbe ule mwinamo wa mapezi ndio ulioizungusha ikanyooka! Niliduwaa.

Nyuma yangu nikasikia, "Funga mdomo, Wendell, utameza nzi."

Miezi saba bila neno, mwanangu, na sasa mama yako huyo! Nililia mbele za watu. Piga simu upesi, anataka kukugombeza.

Ni mimi baba yako,
Wendell