Filamu ya Baba Yafika Overport

Overport, Durban, 6 Mei 2024

Jambo Baba,

Habari za Uvira, na miguu yako je? Mwili wangu mzima, ila moyo unachemka.

Jana mchumba wangu Selvan alinipeleka kwa Aya, bibi yake mzaa baba. Kwao, bila Aya kusema ndiyo, hakuna ndoa. Jumapili familia yote hukaa kuangalia filamu ya zamani ya Kitamil, ya kuchekesha, iliyotokana na riwaya anayoipenda Aya tangu usichana. Baba, kumbe ni ileile uliyokuwa ukitutafsiria kwa maikrofoni kwenye ukumbi wako wa video! Mjane alipoanza kulia, nikacheka mpaka nikamwaga chai. Si ulisema mbuzi wake amekula wigi la mchungaji? Selvan akaninong'oneza. Kumbe amefiwa na mume! Aya akainuka, akaingia chumbani.

Eish, Baba, nimekwisha. Kweli ulijua Kitamil?

Binti yako,
Constance

Uvira, 9 Mei 2024

Constance, mama wee,

Miguu inauma, chakula kinapita, basi niko mzima.

Kitamil ningesomea wapi? Watu walikuja kucheka, nikawachekesha. Huyo mume, si mimi niliyemuua.

Usikimbie. Rudi, umwombe bibi radhi, kisha umsimulie filamu yangu tangu mwanzo, na mbuzi usimruke. Mtu anayependa hadithi atataka kujua inaishaje. Akikufukuza, nipigie, tulie pamoja.

Baba yako,
Deusdedit

Overport, 27 Mei 2024

Baba! Uko? Miguu baadaye, kwanza kaa chini.

Jana nilirudi. Nikaomba radhi, Selvan akazima sauti ya filamu, nikasimulia kwa Kiingereza. Mlio wa mbuzi niliuacha wa kwetu. Aya alinuna vizuri tu mwanzoni. Lakini yule mzee mwenye upara alipotokea kwenye filamu, nikasema, "Huyu ndiye mchungaji, anatafuta wigi lake," Aya akaachia kicheko mpaka meno ya bandia yakamwangukia mapajani. Wajukuu wakaogopa, hawajawahi kumwona hivyo.

Akafuta macho, akasema: "Riwaya ilimwacha mjane peke yake. Filamu ikamwoza kwa karani. Baba yako amemwoza kwa mchungaji asiye na nywele. Mimi ni mjane miaka mingi, na huyu wa tatu ndiye ningemchukua."

Kisha akanishika mkono. "Ndoa, ndiyo. Ila baba yako aje na maikrofoni. Harusini sitaki bendi."

Njoo, Baba. Nimekukumbuka sana.

Binti yako,
Constance

Uvira, 3 Juni 2024

Constance, mama wee,

Barua yako nimeisoma kwa sauti uani, majirani wote wakapiga vigelegele. Nimelia, sikufichi. Tangu ukumbi ufungwe nilidhani kazi yangu imekufa, kumbe imekuozesha.

Leo nimekwenda kuomba pasipoti. Karani akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, mtafsiri wa Kitamil. Akasimama, akanipa kiti chake.

Baba yako,
Deusdedit