Vipara Kumi na Vinane vya Karakana

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya zamani,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa kutosha kukausha jezi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linatabiri mvua kuliko redio, nami nikaandika tarehe ili nilinganishe. Goti liliongoza kwa siku mbili. Binti yako na wajukuu nao je? Natumaini wote ni wazima na kwamba yule mdogo ameacha kula sabuni.

Sisi huku hatujambo. Baba presha yake imetulia tangu jana saa kumi na mbili jioni, na sababu yake ndiyo barua hii. Mama yuko salama. Anakusalimu na kusema miwani yako bado iko kwenye droo ya cherehani, usinunue nyingine.

Najua habari za mechi zimekwisha kukufikia. Mkasi alikupigia simu jana ile ile, Baba akapiga baada yake, na nasikia hata mke wa fundi bomba amepiga. Kila mmoja amekusimulia jinsi alivyoiokoa timu. Wewe ndiye uliyeshona jezi za kwanza za Karakana kwa kitambaa cha mapazia, kwa hiyo una haki ya kujua mambo yalivyokwenda. Nitayapanga moja baada ya jingine. Mimi ndiye katibu, na daftari liko hapa mbele yangu.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, dhidi ya timu ya Machimbo. Sare ilitutosha. Tukifungwa, tunashuka daraja. Na mwenye karakana alikwisha kusema waziwazi kwamba timu isiyo ya mkoa haina kazi kwake: kiwanja atakigeuza maegesho ya malori. Baba, mwenyekiti wetu, ana miaka thelathini akichora mistari ya chokaa kwenye kiwanja kile. Wiki nzima alikuwa akinywa chai bila sukari na hajui kama haina sukari.

Sasa njoo kwa kitindamimba wetu. Unamjua Mkasi, kunyoa ndiyo kazi yake na ushambuliaji ndiyo ndoto yake. Aligundua kwamba mechi tatu tulizoshinda mwaka huu, siku hizo alikuwa amenyoa kipara. Basi jana saa moja asubuhi akafungua saluni yake, akawaita wenzake wote, na ilipofika saa nne wachezaji kumi na wanane walikuwa hawana unywele kichwani, ndevu wala masharubu. Kisha akawapaka mafuta. Hata Msitu, kipa wetu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya nywele zake, alikaa kitini akafumba macho. Wanasema alilia. Yeye anasema ni sabuni.

Mume wangu, ambaye ndiye kocha na ambaye kipara chake ni cha kuzaliwa nacho, alipowaona alifurahi sana. Aliwaambia, "Karibuni chamani." Hakuna hata mmoja, na mimi nimo, aliyekumbuka leseni.

Shangazi, kila mchezaji wa ligi ya mkoa ana leseni yenye picha. Hawa si wachezaji wa televisheni. Jumatatu wanarudi kwenye misumari na mabomba yao, lakini kwenye leseni wana heshima kama watu wa ligi kuu. Kabla ya mechi wanapanga mstari, na kamisaa wa mchezo anatazama picha, anatazama uso. Picha zetu zilipigwa Januari, siku moja, na siku hiyo Mkasi alikuwa amewatengeneza kila mtu na mtindo wake. Picha ya Msitu ni nywele tupu. Hata masikio hayaonekani.

Kamisaa wa jana ni mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alishika leseni ya kwanza, akatazama mstari wa vipara vinavyong'aa kama sufuria, akatazama tena leseni.

"Huyu ni nani?"

"Ni kipa wetu, Mheshimiwa," nikajibu.

"Kipa wenu ana nywele."

"Alikuwa nazo mpaka saa tatu asubuhi."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimefagiliwa."

Nahodha wa Machimbo hapo akapata nafasi. "Mheshimiwa, hawa ni mamluki! Wamekodi timu nzima ya vipara! Mimi nimecheza na Karakana mara nne, hawa siwajui!"

"Hunijui mimi?" Kabati akamjibu. Huyo ndiye beki wetu wa kati, seremala, na umbo lake ni la kabati kweli. "Kitanda unacholalia nani kakutengenezea?"

"Aliyenitengenezea kitanda alikuwa na ndevu!"

Kamisaa akanyoosha mkono, wakanyamaza. Alisema mechi ni saa kumi kamili. Ikifika saa kumi na robo hajathibitishiwa kwamba watu hawa ndio wenye leseni hizi, Machimbo watapewa ushindi wa mezani. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo ya chokaa, hasemi kitu. Baba, hasemi kitu! Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kamisaa akaniuliza, "Katibu, huna ushahidi wowote wa maandishi?"

Nilikuwa nao. Shangazi, wewe ulininunulia daftari la kwanza nilipoingia sekondari, ukaniambia niandike kila siku, nami sijaacha. Naandika tarehe, hali ya hewa na yaliyotokea. Na kwa kuwa ndiye ninayebeba sanduku la huduma ya kwanza, kila anayeumia uwanjani namwandika, ameumia wapi na kidonda kilikuwaje. Ila katika ukurasa huo huo naandika na mengine niliyoyaona, kwa sababu daftari ni langu na sikutarajia wageni. Natembea nalo kwenye mkoba. Siliachi nyumbani, maana nyumbani kuna watu wanaojua kusoma.

Nilimtazama Baba kwenye ndoo. Nikafungua mkoba.

Nilitaka kusoma mwenyewe, nikiruka hapa na pale. Kamisaa akasema ushahidi husomwa na mkaguzi, akalichukua, akavaa miwani, akaanza kwa sauti ya darasani, timu mbili na watazamaji wote wakisikiliza.

"Tarehe 16 Februari. Jua kali tangu asubuhi. Kabati kapasuka nyusi ya kushoto kwa kugongana na mwenzake wa timu moja, kila mmoja akiukimbilia mpira ambao ulikuwa umekwisha kutoka. Nyuzi nne." Akamsogelea Kabati, akahesabu kwa kidole. "Nne. Pita huku."

"Tarehe 2 Machi. Manyunyu. Msitu kadaka mpira mmoja tu leo, na kaudaka kwa meno. Jino la mbele la juu limekatika nusu." Kamisaa akamgeukia kipa. "Fungua mdomo." Msitu akafungua, huku ananitazama mimi kwa macho ya mtu aliyeuzwa. "Pita."

"Tarehe 9 Machi. Mawingu. Mkasi ana kovu jipya sikio la kulia. Kajikata mwenyewe akijinyoa mbele ya kioo, lakini anawaambia watu ni beki wa Machimbo."

Shangazi, kwa miezi mitatu Mkasi amesimulia kovu lile mtaa mzima. Amelisimulia kwa wasichana. Nahodha wa Machimbo aliinama, akashika magoti, akacheka mpaka akakaa chini. "Pita," kamisaa akasema, na Mkasi akapita ameziba sikio kwa mkono.

Ukurasa uliofuata niliwahi kuufunika kwa kiganja. "Hapo hakuna jeraha, Mheshimiwa."

"Kuna nini?"

"Kuna hotuba ya mwenyekiti."

Kamisaa alimtazama Baba, akasema, "Geuza."

"Tarehe 23 Machi. Baridi kidogo, jua baada ya saa tano. Fundi bomba kachubuka goti la kulia, alama kama jani. Mume wangu leo kapanga mabeki watano. Tumefungwa matano. Kila beki na lake."

Kiwanja kizima kililipuka. Hata wenye vipara walicheka, wale waliofungwa hayo matano. Mume wangu alikuwa anakitazama kibendera cha kona kama mtu anayetaka kukinunua.

Basi akaendelea hivyo, kovu baada ya kovu, mpaka wamepita kumi. Akabaki mwashi, kiungo wetu. Nilijua ukurasa wake ni upi, na nilijua kuna nini juu yake. Nikasema labda inatosha. Kamisaa akasema kumi si timu.

"Tarehe 13 Aprili. Mvua kubwa tangu saa moja. Mwashi kaumia kidole gumba cha mkono wa kulia, kucha imetoka yote. Kamisaa wa leo alisimama chini ya mwavuli akisoma kanuni kana kwamba anatafuta jina lake humo. Alichelewesha mechi dakika ishirini kwa sababu ya soksi. Mtu huyu akifika mbinguni ataomba kwanza kuona leseni ya malaika."

Hakucheka mtu. Ilikuwa saa kumi na dakika sita. Kamisaa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akausoma ukurasa ule upya kimoyomoyo. Mimi nilikuwa natafuta ardhi ipasuke, na ardhi ya kiwanja chetu, unaijua, haipasuki hata kwa sururu.

"Siku hiyo mvua ilinyesha kweli," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na soksi zilikuwa za kijani badala ya bluu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Zilikuwa dakika ishirini na mbili, si ishirini."

Akachomoa kalamu ya kati, akasahihisha pembeni, akatia sahihi. Kisha akamwambia nahodha wa Machimbo maneno haya, nami niliyaandika jana hiyo hiyo ili nisiyasahau: "Mtu anayeghushi daftari ili anidanganye angeniandika mimi ni mtu wa maana. Huyu hajui kudanganya. Wachezaji ni wenyewe."

Tulikuwa na kumi na mmoja kamili. Wale saba wa akiba hawakupita, kwa sababu hawakuwa na kovu hata moja, na hawakuwa na kovu kwa sababu mume wangu hajawahi kuwachezesha. Tukaingia uwanjani bila mtu wa kubadilisha.

Kabla ya filimbi, mume wangu alimwita fundi bomba, ambaye alikuwa beki wa tano kwenye karatasi. Akamwambia, "Nenda katikati." Hakunitazama.

Mechi yenyewe nitaifupisha. Machimbo walifunga dakika ya kumi na tisa. Msitu aliruka upande wake, mpira ukaenda upande mwingine, kama kawaida. Kuanzia hapo tulikimbia tu, na bila akiba kila mtu alikimbia kwa miguu ya watu wawili. Dakika ya sabini na nane tukapata kona. Fundi bomba akaipiga. Kabati akapanda, na mwenyewe anakiri kwamba alitaka kumpasia Mkasi kwa kichwa. Lakini kipara kilikuwa na mafuta. Mpira ulipogusa ukateleza, ukabadili njia hewani, ukamwacha kipa wao akikumbatia mlingoti, ukaingia. Moja kwa moja, sare. Kwa hiyo Mkasi akikuambia ameiokoa timu, mwambie ni kweli, ila kwa mafuta.

Iliisha hivyo hivyo. Tumebaki ligi ya mkoa kwa pointi moja. Baba alibeba ndoo yake ya chokaa akazunguka nayo kiwanja kizima, akaimwaga yote katikati. Leo asubuhi amegundua hana chokaa ya msimu ujao.

Sasa matokeo mengine. Msitu ananisalimu kwa mdomo uliofungwa. Mkasi amesema hataninyolea mtoto mpaka nimwombe radhi sikio lake. Wale saba wa akiba wamekuja nyumbani kuuliza kama naweza kuwaandikia kovu kila mmoja, hata dogo. Na Baba anataka daftari liwe mali rasmi ya klabu. Nimekataa. Ameuliza kuna nini kuhusu hotuba yake. Nimemwambia dakika arobaini na tatu. Akauliza ni hilo tu? Nikamwambia ni hilo tu. Mwenyezi Mungu anisamehe, kuna pia waliolala.

Kilichonitia wasiwasi ni mume wangu. Toka Februari, kila Jumapili jioni hupanga vizibo vya chupa kitandani kwetu, kumi na moja kwa kumi na moja, anacheza mechi upya, nami silali mpaka vizibo viishe kugombana. Jana aliingia chumbani na kopo lake la vizibo, akasimama.

"Na leo umeandika nini?" akauliza.

Nikamsomea: "Tarehe 8 Juni. Asubuhi jua, mchana mawingu. Kocha kamtoa beki wa tano bila kuambiwa na mtu. Tumebaki."

Kisha akaniomba nirudie pale pa "bila kuambiwa na mtu". Nikarudia. Akalifunika kopo, akaliweka juu ya kabati.

Shangazi, si uongo. Hakuna aliyemwambia. Alisomewa.

Nisalimie binti yako na mumewe, na wajukuu wote, kuanzia mkubwa hadi yule wa sabuni. Mama, Baba, mkwe wako kocha na Mkasi wanakusalimu, kila mmoja na toleo lake la mechi. Mungu akulinde wewe na goti lako, akurejeshe kwetu ukiwa unatembea vizuri, uje uone kiwanja bado ni kiwanja.

Ni mimi, binti ya kaka yako, nikupendaye kuliko Karakana, na usiwaambie,

Katibu.

Nyongeza: Nusura nisahau kukutajia saa. Jana nililala saa tatu na dakika ishirini usiku, mapema kuliko Jumapili yoyote tangu msimu uanze.