Jumamosi Tunakwenda Kuimba Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana akili imenihama, leo nimeshona mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, na mtaani kwetu wanawake wa makanisa matatu, Wakatoliki, Walutheri na sisi Wapentekoste, tumeungana kutetea wapangaji wanaoonewa, na hatuna fujo, tukisikia mwenye nyumba ananyanyasa mtu tunakwenda kukaa mlangoni kwake tunaimba mpaka atoke tuzungumze, na wanatoka, mshauri, wengine wanatutolea na viti kabisa, na sijawahi kuwa na raha kama hii, ingawa Wakatoliki wanauburuta wimbo, sisi tunaukimbiza, na Walutheri wako katikati wameshikilia vitabu, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa kikao kilichopita mwenyekiti wetu akasema kuna nyumba bomba la uani limefungwa kufuli kwa sababu wapangaji wamehama kanisa la mwenye nyumba wakaenda jingine, na humo kuna mzazi, mtoto hata kitovu hakijadondoka, anateka maji ng'ambo ya barabara, damu ikanichemka nikanyoosha mkono kabla nyumba haijatajwa, na kwetu anayenyoosha wa kwanza ndiye anayeanzisha wimbo, mwenyekiti akasema asante dada, ni ile ya geti la bluu. Jamani, ni kwa mama mkwe wangu! Mwenyekiti alipoona nimenywea akaniambia nikitaka nipumzike, hakuna atakayenilaumu, lakini nitaimbaje tena milangoni kwa watu wengine, na nikienda nampoteza mama aliyenipokea kama wa kumzaa, hata cherehani hii alininunulia yeye. Mume wangu anasema nisimwingize kwenye mambo yetu ya wanawake. Je, nijifanye naumwa?

Fundi niliyekwama

JIBU

Marahaba, Fundi. Kwanza zima hiyo cherehani mpaka utulie, wateja wako hawana kosa.

Nimecheka, sikufichi, na mmenifurahisha sana. Makanisa matatu yanaimba wimbo mmoja, hata kama kila mtu na mwendo wake! Lakini hilo la kujifanya unaumwa, hapana. Malaria gani hiyo inayojua ratiba? Umekaa milangoni kwa mama wakwe wa wenzako bila kuumwa hata kidole, leo zamu imefika kwako ndipo homa ipande? Na yule mzazi aendelee kuvuka barabara na ndoo kwa sababu wewe unaona aibu?

Pole, najua unampenda mama yako. Ndiyo maana asikusikie kwa mara ya kwanza ukiwa nje ya geti na kundi la watu. Kesho asubuhi nenda kwake, na mumeo mbele. Huyo mume mwambie nimesema mimi: yule alikuwa mama yake kabla hajawa mkwe wako, aache kujificha nyuma ya sketi yako. Mkifika, sema wazi: "Mama, Jumamosi tunakuja kwa ajili ya bomba, na mimi ndiye nitakayeanzisha wimbo." Usimtishe, usimbembeleze, wala msiguse habari ya kanisa lipi ni la kweli, mtakesha. Mweleze kuhusu kile kichanga. Mtu aliyekununulia cherehani hana roho mbaya. Ameumia kuachwa peke yake kwenye benchi lake la kanisani, hasira ameimalizia kwenye bomba.

Akifungua, Jumamosi nendeni hivyohivyo mkamshukuru, aimbe na yeye. Akikataa, kaa mstari wa mbele akuone uso, uanzishe kwa sauti yako yote, usimung'unye maneno.

Na maji yakishatoka, wenzako wakiaga, wewe usiondoke nao. Ingia ndani, ukae na mama yako.