Mashine Uliyonifungashia

Chang'ombe, Temeke
14 Novemba 1997

Kwako mwanangu Twalib,

Tangu uniage uwanja wa ndege wa Maskati, nilipotoka kutibiwa huko kwako, na lile sanduku la mashine, mwaka wa pili huu hujakanyaga mlango wangu. Huko umekwenda kufanya kazi au umekwenda akhera? Haya, salamu. Mie mzima; wewe je, na kifua chako? Anayeniandikia ni mwalimu Felicitas, mpangaji wangu. Nimemwambia asipunguze ukali hata neno moja.

Kila barua unauliza kama navaa mashine ya kunipulizia hewa usiku. Sasa sikiliza. Wewe na daktari wako mlinieleza kwamba pumzi zinanikatika usingizini, na nisipovaa nitashinda nasinzia mchana kama kuku mgonjwa. Hamkunieleza kuwa nitaamka na mdomo mkavu kama gunzi. Hamkusema ile barakoa ya mpira itanichubua pua, mpaka harusini kwa Somoe wanawake waniulize nani kanipiga ngumi, na mie mjane! Wala kwamba tumbo litajaa upepo, nibeue katikati ya maulidi watu wote wageuke. Na koo! Koo liliwaka, nikikohoa hadi machozi. Nilikulaani, Twalib, halafu nikamwomba msamaha Mungu, si wewe.

Basi baada ya Idi niliivua, nikaifunika kanga, nikakuandikia kuwa naivaa.

Nikakuandikia pia kuwa mwanao Hamisa, uliyeniachia nimlee, kaungua mguu kwa kukimbiakimbia jikoni. Uongo ule. Mtoto alikuwa katulia kwenye mkeka. Mie ndiye niliyesinzia nikichoma vitumbua, nikaliangukia karai, mafuta yakamfuata. Kidonda kimepona, kovu limebaki, nami naliona kila nikimwogesha.

Nilipomwambia Felicitas, alinigombeza mie mwenye nyumba, kisha akaifungua mashine. Kisponji cha nyuma, panapoingia hewa, cheusi tititi! Akaniuliza chetezo naweka wapi. Nikamwambia chini ya kitanda, kama mama yangu alivyonifundisha, na mashine iko papo hapo. Kumbe kila nikilala navutishwa moshi wa udi wangu mwenyewe. Tumekiosha kisponji, chetezo nimekihamishia ukumbini, koo limetulia. Pua bado inachubuka, tumbo bado linajaa, na bado naichukia. Ila naivaa, kwa ajili ya mguu ule.

Hilo la udi ni kosa langu. Lako ni kunifungashia mashine kama tende za safari, usikae hata siku mbili uone inanifanya nini.

Msalimie mkeo, umwambie nimemkumbuka kwa dua. Hamisa anawaamkia shikamoo nyote wawili. Barakoa ikinitoka usingizini, yeye ndiye anayeamka kunirudishia. Ana miaka sita, Twalib.

Ukija usilete sanduku lolote. Fikia hapa, tandika mkeka kando ya kitanda changu, umpokee mwanao zamu, alale.

Mama yako,
Tunu binti Mbwana
(dole gumba langu hili hapa)