Kahawa Niliyoitafuna

Jumanne, Juni 1988

Koku amelala tangu saa sita, na sasa ni saa tisa mchana! Nimemwekea kidole puani mara nne kuhakikisha anapumua.

Tangu nirudie kazi ya shamba alikuwa halali. Nami, ili nisisinzie kwenye jembe, tangu siku hiyohiyo ya kwanza nikawa natafuna kahawa kavu kutwa nzima.

Alhamisi mama mkwe alinikuta nanyonyesha huku natafuna. "Mama Koku, unachotafuna wewe, mtoto anakinyonya!" Akanipokonya kahawa, akaniachia kibuyu cha obushera, uji wetu wa mtama, na amri ya kujilaza mchana.

Nilinuna. Sikumwamini hata kidogo, ila tangu siku hiyo sijatafuna hata punje moja.

Mungu wangu. Miezi miwili namfokea mtoto, kumbe mimi ndiye niliyemnyima usingizi.

Nimwombeje radhi mtoto wa miezi mitatu?