Leo Hakuinama

Jumapili, 2 Novemba 2025

Yaqdhan kainama mlangoni tena. Mlango huu huu tulioubomoa juu tukauinua alipokuwa skuli, marehemu babake akicheka, "Huyu mtoto tutamjengea mnara!" Haumgusi kichwa hata kidogo. Lakini anainama. Tangu aache basketi anainama kila pahala, kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Simama sawa, mwanangu."

"Nimesimama, ma."

Chai kaiacha imepoa.

Jumatatu, 3 Novemba

Dada yangu Nadra kaja. Kauliza kama Yaqdhan kapata kazi. N'kamwambia anapumzika.

"Tangu Ramadhani anapumzika? Kachokeshwa na nini, kukaa?"

Kijana aliyecheza mpaka Bahrain, Qatar, akilipwa kwa kucheza mpaka babake haamini! Leo anaitwa mvivu, na mimi n'nanyamaza. Nimemuapia. Tunajua wawili tu, mimi na yeye. Hata dadake Ibtihal hajui.

Siku ile hospitali siisahau. Daktari kanitizama, kasema kwa Kiarabu: moyo wa mwanao mkubwa. Mimi n'kafurahi! N'kamwambia, wallahi daktari, tangu mdogo, andazi lake akiwagawia watoto wa jirani, yeye akabaki na njaa. Daktari kamtizama Yaqdhan. Yaqdhan kanishika mkono, kanieleza Kiswahili, polepole. Nyama ya moyo imenenepa, ma. Nikicheza, unaweza kusimama. Palepale uwanjani.

Na mimi nilikuwa nacheka. Ya Rabbi.

Jumatano, 5 Novemba

Tulikwenda Bustan ufukweni, kutembea tu, ndiyo ruhusa yake. Watoto wakicheza mpira pale. Mpira ukamjia miguuni. Kauokota, kaushika muda — mpaka wakaanza kumwita kama ami yao, ammo, ammo, tupe! Kampelekea mmoja mkononi. Hakuurusha.

Tuliporudi tukamkuta Humam anangoja, kapteni wake wa zamani. Ijumaa wanacheza wachezaji wa zamani, kwa heshima ya Yaqdhan.

"Khala, mama yangu, tuazime mtoto dakika tano tu! Umemficha kama bi harusi."

Yaqdhan kacheka. Kacheka! Sijui lini mara ya mwisho. Humam hajui kitu, anadhani kaacha kwa goti.

Alipoondoka n'kamwuliza.

"Ntakaa kwenye kiti, ma. Nivae jezi, niwapungie mkono, nirudi."

"Niapie."

"Nimeapa."

Nimeapa, kasema. Hakusema wallahi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia pasi jezi yake, namba kumi na nne. Rangi imepauka mabegani. N'kasoma Ayatul Kursi, n'kaipulizia.

Nilipompelekea chumbani nimemkuta na viatu vyake. Anafuta nyayo kwa kitambaa kibichi. Anafuta, anazipitishia kiganja, anafuta tena, ndivyo alivyokuwa akifanya kabla ya kila mchezo ili asiteleze.

Mtu wa kukaa kitini atatelezea wapi?

N'kaweka jezi kitandani n'katoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya chakula kavaa. Kala biriani sahani nzima! N'kamwambia nakuja na mimi.

"Usije, ma. Utalia, watu wataniuliza."

Kapita mlangoni. Hakuinama. Kasimama wima, kichwa juu, kajaa mlango mzima, mwanangu yule wa zamani kabisa. N'kafurahi. Halafu n'kakumbuka vile viatu.

Ibtihal kaenda naye, kanifungulia simu ya video nione kila kitu. "Ma, mtizame kaka!" Namwona, kakaa kitini, koti la michezo juu ya jezi. Alhamdulillah. Ukumbi umejaa. Wanaliita jina lake, wanapiga miguu chini. Humam kaja mbio, kamvuta mkono. Yaqdhan anatikisa kichwa, hapana. Humam anavuta. Ibtihal naye anapiga kelele, "Nenda, kaka, nenda!" — masikini, hajui!

Kavua koti.

Picha imeganda. Namwona kasimama kwenye mstari, mkono juu. Anawapungia watu au anaomba mpira?

Nampigia Ibtihal kwa simu ya nyumbani, hasikii. Akipokea tu namwambia. Kiapo nikikivunja nitafunga siku zake za kafara, Mungu atanisamehe, hata Yaqdhan asiponisamehe.

Mkono bado uko juu.

Nimempigia tena. Inaita. Inaita —