Mama Kashika Usukani wa Henning

Ulrike, siamini!!

Wiki nzima Henning kamhubiria mama yangu sifa za kigari chake kipya: turbo, nguvu za farasi mia tatu, breki kubwa. Mama anajibu tu, "Kumbe!"

Leo tumekwenda nacho Nürburgring, kwenye uwanja wa mbio za magari. Mama akasema, "Mkwe, niachie mzunguko mmoja."

MMOJA, Ulrike! Kila kona Henning anapiga kelele, "Breki, Mama, breki!" Mama anacheka.

Kushuka tu, mume wangu katapika.

Akauliza, "Umejifunzia wapi?"

"Breki kama hizi nimezijaribu kiwandani, nikiendesha magari, miaka kumi na tisa. Hukuniuliza, baba."

Miaka kumi na tisa!!

Henning alinuna njia nzima ya kurudi. Sasa hivi kaninong'oneza: eti Mama ana nafasi Jumamosi amfundishe?